SOMO: Kata Inapogawanywa, Mradi Unabaki kwa Nani?

Neno la kusoma: Kutoka 18:13-26



Musa alishauriwa na mkwewe agawe kazi kwa viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Nchini Tanzania nasi tuna ngazi zetu: kitongoji, kijiji, kata na halmashauri. Miradi ya usharika hupita katika ngazi hizo. Je, kamati zetu zinazifahamu?

1. Tulichojifunza

Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2015 kata nyingi nchini ziligawanywa. Mojawapo ilikuwa na mradi wetu wa maji ya mserereko unaohudumia vijiji vitatu. Baada ya mgawanyo, chanzo cha maji kilibaki kata mama, na vijiji viwili vikaingia kata mpya. Mkataba, mihtasari na barua zote zilikuwa na mhuri wa kata ya zamani.

Bomba kuu lilipopasuka, kamati ilipeleka maombi kule ilikozoea. Ikaambiwa vijiji hivyo si vyao tena. Katika kata mpya hapakuwa na jalada lolote la mradi. Bajeti ya mwaka huo ikapita bila sisi, na akina mama wakarudi mtoni na ndoo. Tukubali kosa letu: tulijua kata inagawanywa, tukadhani ni mambo ya wanasiasa.

2. Nani anachaguliwa, na lini?

Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1984 chini ya sheria za 1982. Tangu hapo sauti ya kata katika halmashauri ni diwani. Huchaguliwa siku moja na Rais na Mbunge, kila baada ya miaka mitano. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Mtendaji wa Kata ni katibu wake. Wenyeviti wa vijiji ni wajumbe.

Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wana uchaguzi wao. Ulifanyika 2014, 2019 na tarehe 27 Novemba 2024. Hapa wengi hukosea: kadi ya mpiga kura ya Uchaguzi Mkuu haitoshi. Lazima ujiandikishe upya katika orodha ya kitongoji chako. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Aliyezipitisha hakupiga kura.

3. Kamati ifanye nini?

(a) Pendekezo la kugawa kata huanzia kwenye vikao vya chini, kisha hupanda halmashauri, wilaya na mkoa hadi kwa Waziri. Hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji na mtaje mali za mradi ziliko: chanzo, tangi, vituo vya kuchotea.

(b) Mgawanyo ukitangazwa, pelekeni nakala za mkataba na mihtasari kwa watendaji wa kata zote mbili. Msisubiri waombe.

(c) Chombo cha watumia maji kinaweza kuhudumia vijiji vya kata zaidi ya moja. Kila kijiji kiwe na mjumbe wake.

(d) Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Barua ya mwezi Juni imechelewa.

(e) Kanisa halipigi kampeni wala halina mgombea. Lakini kumkumbusha Mkristo ajiandikishe si kampeni.

4. Kwa wafadhili wetu

Mkiona ripoti imebadilisha jina la kata, msidhani mradi umehama. Ulizeni kama makabidhiano yamefanyika. Swali hilo lingetuokolea mwaka mzima. Bomba lilitengenezwa baada ya vijiji vitatu kukaa pamoja, kuchanga na kuandika makubaliano mapya.

Maswali ya kujadili

1. Mihtasari ya mradi wetu iko wapi, na ina mhuri wa nani?
2. Nani kati yetu alihudhuria mkutano wa kijiji uliopita?
3. Mipaka ikibadilika kesho, ni jirani gani atabaki bila huduma?