Mwalimu Anapolichunguza Darasa Lake: Msaada Anaouhitaji

Mwalimu wa PP2 akigundua katikati ya muhula kwamba theluthi ya watoto wake hawawezi kuunganisha ba na ta wakapata bata, maelezo hayakosekani. Walimu wenzake watasema watoto wa siku hizi hawasikii. Wazazi watasema mwalimu hafundishi. Huenda pande zote mbili zinabahatisha tu, na anayeumia ni mtoto ambaye ameshaanza kuitwa mzito wa kuelewa kabla hajafika Gredi ya Kwanza.

Ipo njia nyingine, nayo ni mwalimu kulichunguza darasa lake mwenyewe. Wataalamu huiita utafiti tendaji: mwalimu huweka swali moja, hukusanya ushahidi kwa wiki chache, hubadilisha jambo moja katika ufundishaji, kisha hupima kama badiliko hilo limesaidia. Walimu wengi wa hisabati na sayansi katika shule za upili waliuonja mwenendo huu kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani, uliowafunza kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Mzunguko huohuo unafaa hata katika chekechea, ambako vifaa ni vizibo vya chupa na kadi za manila.

Chukulia darasa la watoto 36, ambamo 12 wameachwa nyuma katika silabi. Swali la kwanza la mwalimu, "Kwa nini watoto hawasomi?", ni pana mno. Akilipunguza liwe "Hawa 12 wanakwama kwenye silabi zipi, na zilifundishwa lini?", amepata pa kuanzia. Anamwita kila mtoto wa darasa kando kwa dakika mbili au tatu, anamwonyesha kadi 10 na kutia alama daftarini. Kisha anafungua rejesta ya mahudhurio, ambayo imekuwa mezani pake muda wote. Hapo jambo linajitokeza: watoto 9 kati ya wale 12 hukosa shule kila Jumanne, siku ya soko, kwa kuwa mama huondoka alfajiri na hakuna wa kuwafikisha shuleni. Nayo Jumanne ndiyo siku ambayo mwalimu amekuwa akianzisha silabi mpya. Watoto hawakuwa wazito. Hawakuwapo.

Mwalimu anahamishia silabi mpya Jumatano, na Jumanne inabaki ya marudio na michezo. Baada ya wiki nne anawapima wote tena kwa kadi. Hapa pana mtego: watoto hukua, na wangejua silabi kadhaa zaidi hata kama hakuna lililobadilishwa. Kwa hiyo asitazame alama za wale 9 peke yake, bali atazame kama pengo kati yao na wenzao limepungua. Likiwa halijapungua, hilo nalo ni jibu, na aliandike vilevile.

Watatu waliobaki huhudhuria kila siku, na rejesta haimsaidii kuwaelewa. Mmoja wao akisoma kadi iliyo mkononi lakini akashindwa kusoma silabi hiyohiyo ubaoni, suala si la somo tena. Mzazi aelezwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya akapimwe macho.

Daftari la mwalimu la kuboresha somo ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Mambo hubadilika anapotaka kuyapeleka matokeo nje ya shule, kuyachapisha au kuyatumia katika masomo yake ya chuo kikuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka taarifa binafsi za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Utafiti wa namna hiyo huombewa pia leseni kutoka NACOSTI, tume inayosimamia utafiti chini ya sheria ya mwaka wa 2013, na maombi hufanywa kupitia intaneti. Mzazi anayeletewa fomu aulize ni taarifa zipi zitaandikwa, nani atazisoma, na kama jina la mtoto litaonekana. Anaweza kukataa, na mtoto aendelee kufundishwa kama wenzake.

Gharama ya kazi hii ni ndogo. Kinachokosekana ni muda. Dakika 40 kwa wiki ambazo mwalimu mkuu anamwondolea majukumu mengine zinatosha kuanza, pamoja na mwenzake mmoja wa kuketi nyuma ya darasa na kuandika anachokiona, kwa maana anayefundisha hawezi kuona yote. Lakini mwalimu mkuu akilitumia daftari hilo kumkaripia mwalimu, hatapata tena daftari la kweli.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na maktaba pia zimo katika majukumu hayo. Mwalimu wa PP1 au PP2 anaweza kuanzia kwa afisa wa kaunti anayesimamia chekechea. Wa shule ya msingi, kwa mwalimu mkuu wake na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, nayo ina vifaa vya kufundishia kwenye mtandao wake.

Matokeo yarudishwe kwa wazazi katika mkutano wa darasa, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Katika mfano huu, mwalimu aliweza kuhamisha siku ya silabi mpya, lakini soko hawezi kulihamisha. Wazazi wa wale 9 wakikubaliana mtu mmoja awafikishe watoto wote shuleni kila Jumanne, mwalimu ataliona hilo katika rejesta wiki inayofuata.