Fuvu Lililo Chini ya Msalaba

Hebu tazama msalaba wa rozari kwa makini. Marehemu nyanya yangu wa hapa Misikhu alivaa wake shingoni, na chini ya miguu ya Yesu palichongwa fuvu dogo. Mimi nilidhani ni mambo ya uchawi! Kumbe Golgotha maana yake ni Fuvu la Kichwa, na mapokeo ya kale husema Adamu alizikwa pale. Basi fuvu ni mauti, nayo yamekanyagwa. Hata Wamisri wa kale walivaa hirizi zenye umbo la mdudu anayebingirisha kinyesi, ishara ya uhai mpya. Tulimzika nyanya na rozari yake mkononi. Lile fuvu siliogopi tena.