Kufunga Akaunti ya Mtandaoni kwa Usalama: Somo kwa Mgonjwa na Mtoa Huduma za Afya

Utangulizi

Kwa miaka mingi siri ya mgonjwa ililindwa kwa kabati lenye kufuli na kwa ulimi wa mhudumu aliyejua kunyamaza. Siku hizi sehemu ya siri hiyo hukaa ndani ya simu. Humo mna vikumbusho vya dawa, picha za majibu ya maabara, tarehe za hedhi, vipimo vya sukari na mazungumzo na daktari. Taarifa hizo huhifadhiwa chini ya akaunti, na akaunti moja huweza kufunguliwa katika simu, kishikwambi, saa janja na kompyuta kwa wakati mmoja.

Mfano ufuatao hauhusu mtu halisi, lakini unaweza kutokea katika nyumba yoyote. Mama anayetumia dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI amenunua simu mpya. Ile ya zamani amempa shemeji yake, baada ya kufuta picha na ujumbe wote. Hata hivyo, akaunti yake ya Google imebaki ndani ya simu hiyo. Kila siku saa tatu usiku, kikumbusho cha dawa alichokiandika katika kalenda ya simu mpya hulia pia katika ile ya zamani, mbele ya watu ambao hajawaeleza hali yake. Hakuna mdukuzi aliyehusika wala nywila iliyoibwa. Kilichokosekana ni hatua moja, nayo ni kuondoa akaunti katika kifaa kabla hakijabadili mikono.

Somo hili linaeleza namna ya kufunga akaunti na kuitenganisha na vifaa, kwa mpangilio usiomwacha mtumiaji bila kumbukumbu zake wala kuiacha siri yake mikononi mwa wengine.

Mambo matatu yanayochanganywa

Kuondoa programu katika simu, kutoka katika akaunti na kufunga akaunti ni mambo matatu tofauti. Anayeondoa programu hufuta chombo cha kusomea tu, na taarifa zake hubaki katika kompyuta za kampuni. Anayetoka katika akaunti hufunga mlango wa kifaa kimoja, huku vifaa vingine vikibaki wazi. Anayefunga akaunti huiagiza kampuni ifute akaunti yenyewe na taarifa zilizomo.

Hata kufunga kuna namna mbili. Kampuni nyingi huruhusu kusimamisha akaunti kwa muda, ambapo taarifa hufichwa lakini hazifutwi. Facebook, kwa mfano, hutenganisha kusimamisha na kufuta. Anayechagua kufuta hupewa siku 30 za kughairi, na kazi ya kuondoa taarifa zote huweza kuchukua hadi siku 90. Katika siku hizo 30, kuingia tena katika akaunti na kughairi husitisha ufutaji. Kwa hiyo, mtumiaji asome neno lililoandikwa kwenye kitufe kabla ya kukibonyeza.

Hatua ya kwanza: kuorodhesha

Akaunti hutegemeana. Anwani ya barua pepe ndiyo shina, kwa kuwa akaunti nyingine hutuma humo namba za uthibitisho na viungo vya kubadilisha nywila. Namba ya simu nayo ni shina la pili. Anayeanza kwa kufunga barua pepe hujikuta hawezi tena kuingia katika programu ya kisukari au ya mazoezi ili kuifunga. Kanuni ni kukata matawi kwanza na shina mwisho. Katika mipangilio ya akaunti ya Google mna orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya kuitumia, na orodha hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya pili: kuhifadhi kumbukumbu

Mgonjwa wa kisukari ambaye mashine yake ya kupima sukari hutuma vipimo katika simu kwa Bluetooth huenda ana kumbukumbu za miezi mingi ambazo hazipo mahali pengine. Kumbukumbu hizo humwonyesha daktari iwapo sukari hupanda baada ya mlo au hushuka usiku, na kwa kuzitazama huweza kubadilisha kiwango cha dawa. Akaunti ikifutwa, picha hiyo hupotea. Programu nyingi za afya zina sehemu ya kupakua taarifa, na Google ina huduma iitwayo Takeout kwa kazi hiyo. Nakala ihifadhiwe, ifunguliwe kuhakikisha kwamba inasomeka, na ikiwezekana ichapishwe kwa ajili ya kliniki.

Ikumbukwe kwamba kufunga akaunti ya programu hakufuti faili la mgonjwa lililopo hospitalini. Faili hilo hutunzwa kwa taratibu zake, na ni kwa manufaa ya mgonjwa kwamba liendelee kuwapo.

Hatua ya tatu: kutenganisha vifaa

Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi. Katika akaunti ya Google, sehemu ya usalama huonyesha vifaa vyote vilivyoingia, na mtumiaji huweza kukitoa kila kimoja akiwa mbali nacho. WhatsApp nayo ina sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya ofisini iliyounganishwa mara moja huweza kuendelea kupokea ujumbe hata simu ikiwa imezimwa. Saa janja hutenganishwa ndani ya programu yake, kisha kumbukumbu zake hufutwa katika saa yenyewe.

Malipo ya kila mwezi yasisahaulike. Usajili uliofanywa kupitia duka la programu huendelea kukata fedha hata baada ya akaunti kufutwa, mpaka usitishwe katika duka hilo.

Tahadhari ya pekee inamhusu mtu anayeishi na mwenza mwenye kumdhibiti au kumpiga. Kifaa kikitolewa ghafla katika akaunti, mwenza hutambua. Mtu wa namna hiyo apange kwanza usalama wake na mtu anayemwamini au mhudumu wa ustawi wa jamii, na atumie kifaa ambacho mwenza hakigusi.

Hatua ya nne: kufunga na kuthibitisha

Tangu tarehe 30 Juni 2022, Apple huzitaka programu zinazoruhusu kufungua akaunti ziruhusu pia kuifuta ndani ya programu hiyo hiyo. Google nayo ilitangaza sharti la aina hiyo mwaka 2023. Kwa kawaida kitufe hupatikana katika mipangilio, chini ya sehemu ya akaunti. Baada ya kukibonyeza, mtumiaji ahifadhi ujumbe wa uthibitisho, na muda wa kusubiri ukiisha ajaribu kuingia ili kujiridhisha.

Kufunga kuna mipaka. Anayefuta akaunti ya WhatsApp hutolewa katika makundi yote, lakini ujumbe na picha alizokwisha kutuma hubaki katika simu za waliozipokea. Vivyo hivyo kwa taarifa ambazo kampuni imekwisha kuzipeleka kwingine. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo Health, yenye programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kuituhumu kwamba ilizipa kampuni nyingine, Facebook ikiwamo, taarifa za afya za watumiaji ilizoahidi kuzitunza kwa siri. Kwa sababu hiyo, ombi la kufuta akaunti liambatane na ombi la maandishi kwamba taarifa zilizotolewa kwa wengine zifutwe pia.

Sheria zinampa raia nguvu katika jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo pia humpa mhusika haki ya kuomba taarifa zirekebishwe au zifutwe.

Hatua ya tano: kufuta kifaa na kuaga namba

Kabla ya kuuza au kugawa simu, mtumiaji aondoe kwanza akaunti katika mipangilio, kisha airejeshe simu katika hali ya kiwandani. Akigeuza mpangilio huo, simu za Android na iPhone huweza kujifunga na kumdai mmiliki mpya nywila ya mmiliki wa awali. Laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe kwa mkono, kwa kuwa urejeshaji huo huweza kuiacha kadi na picha zake zote.

Namba ya simu isitelekezwe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, na namba za uthibitisho, pamoja na ujumbe wa kliniki wa kukumbusha tarehe ya kurudi, zikamfikia mgeni. Namba mpya iandikishwe katika akaunti zote na katika kituo cha afya kabla ya ile ya zamani kuachwa.

Wajibu wa mtoa huduma

Mhudumu wa afya hubeba siri za watu wengi. Picha ya kidonda iliyotumwa ili kuomba ushauri huweza kujihifadhi yenyewe katika albamu ya simu na kunakiliwa katika hifadhi ya mtandaoni, ambako watu wa nyumbani wanaotumia akaunti hiyo huiona. Mhudumu anayehama kituo atoke katika makundi ya kazi, aondoe akaunti ya kituo katika simu yake, na afute picha za wagonjwa pamoja na nakala zake. Kituo nacho kifunge akaunti yake ya kuingilia katika mfumo wa wagonjwa siku hiyo hiyo anayoondoka, kama kinavyopokea funguo za kabati la dawa.

Hitimisho

Kuorodhesha, kuhifadhi, kutenganisha, kufunga na kufuta: hizi ndizo hatua tano. Mama wa mfano wa awali hahitaji kununua kitu wala kumwita fundi. Kwa kutumia simu yake mpya, huweza kufungua orodha ya vifaa vyake na kuitoa ile ya zamani usiku huo huo. Kisha, kwa wakati atakaouchagua mwenyewe, ndiye atakayeamua nani aelezwe hali yake.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya kuondoa programu, kutoka katika akaunti na kufunga akaunti?
2. Kwa nini akaunti ya barua pepe hufungwa mwisho?
3. Ni vifaa gani ambavyo hivi sasa vimeingia katika akaunti ya msomaji, na kila kimoja kiko mikononi mwa nani?