Mkaa Mkononi mwa Mtu Mzima: Somo la Kuchora Pamoja



Somo letu ni la kuchora. Wengine watacheka na kusema hiyo ni kazi ya watoto wa shule. Mwalimu mmoja wa Marekani, Betty Edwards, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1979 kwamba watu wazima wengi huchora kama watoto wa miaka kumi hivi, kwa sababu ndipo walipoacha. Basi mchoro wako ukitoka mbaya usione haya. Unaanza tena pale ulipoachia.

Waliokaa katika kambi za upande wa Lac Vert na Mugunga wanajua kwa nini jambo hili ni zito. Ardhi ile ni jiwe la volkano, kuchimba choo ni taabu. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, zinataka choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura, baadaye kwa watu 20, na kisizidi mita 50 kutoka makao. Ni kanuni nzuri. Lakini kamba ya kupimia haionyeshi giza. Mita 50 za wazi na mita 50 za kupita nyuma ya vibanda vya pombe si sawa kwa msichana wa miaka 14. Njia ya kuni ni vilevile: mwaka 2023 na 2024 waganga wa Médecins Sans Frontières waliwatibu wanawake wengi sana waliobakwa kandokando ya Goma, wengi wakiwa wamekwenda kutafuta kuni. Anayeijua njia hiyo ni mama, na mara nyingi yeye ndiye asiyepewa kalamu.

Kusanyeni watu wanane hadi kumi na wawili. Karatasi ikikosekana, udongo mweusi unatosha, pamoja na mkaa, jivu na mawe. Wanawake wachore peke yao kwanza, wanaume peke yao, vijana peke yao. Fundi au mwalimu anayejua kuchora vizuri asianze, maana wengine wataona aibu na kumwachia kazi yote. Kila mtu achore nyumba yake, kisha njia aliyopita asubuhi. (Watu wa Goma hupenda kuanza na Nyiragongo. Uacheni mlima pembeni, haupotei.)

Halafu linganisheni. Pale michoro isipopatana, msifute, ulizeni. Jiwe liwe choo, kopo liwe bomba, na kila mmoja aruhusiwe kulisogeza akieleza sababu. Kiongozi aseme mwisho. Huko Kibera, Nairobi, wakaazi na shirika la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006, wamebuni pamoja viwanja vya umma kwa mikutano ya namna hii.

Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa mwezi Februari 2025. Familia nyingi zilirudi Masisi na Rutshuru, nyingine zimebaki kwa wenyeji. Kazi ya kuchora imekuwa ngumu zaidi huko, kwa sababu sasa mnachora mashamba. Mti wa mpaka umekatwa, jirani amelima, mzee aliyeshuhudia amefariki. Waiteni pande zote mbili wachore kabla ya kubishana, na mchoro huo usiitwe hati ya ardhi, maana sivyo ulivyo.

Onyo moja. Msiandike majina ya watu, wala msionyeshe mahali pa wenye silaha au njia wanayopita wanawake katika karatasi itakayotembea mikononi. Njia hizo zichorwe chini tu, na mkimaliza mfagie.

Maswali kwa kikundi: Ni njia gani iko katika mchoro wa akina mama na haiko katika ule wa wanaume? Nani aliipita jana, na saa ngapi?