Namna za Kusali

Kusali ni kuinua moyo kwa Mungu. Mtu husali ili amwabudu Mungu, amshukuru, amwombe radhi kwa dhambi zake na amwombe mahitaji yake. Maneno hayo watoto wa katekisimu wayajua kwa moyo. Lakini namna za kusali ni nyingi, na mtu asiyeweza namna moja hakosi nyingine.

Sala iliyo kubwa kuliko zote ni Misa takatifu. Zamani padri aliisoma kwa Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa mafundisho yake juu ya liturujia, ukaruhusu lugha za watu. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Katika Misa hiyo watu wawaita watakatifu pamoja na mababu wema, hucheza kwa heshima mbele ya Mungu, na Injili huisikiliza wakiwa wamekaa, kama wamsikilizavyo mkubwa wao. Mwili nao husali.

Misioni ya Kapolowe, karibu na mto Lufira, ilikuwa ya Wabenediktini. Watawa hao walifika Katanga mwaka 1910, wakitoka abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na mji wa Bruges, Ubelgiji. Baba yao Mtakatifu Benedikto aliishi Italia, yapata miaka 1,500 iliyopita. Aliagiza watawa wakutane kusali mara saba mchana na mara moja usiku, na Zaburi zote 150 ziimbwe kila juma. Kengele ikilia, mtawa aiache kazi palepale, hata kama haijakwisha. Tena haimbi kwa ajili yake mwenyewe tu. Huyu ni mgonjwa, yule yuko safarini, mwingine amelala. Mtawa awaimbia wote.

Basi, mvuvi afanye nini? Hajui kusoma, hana kitabu, na usiku yuko ndani ya mtumbwi katika ziwa la Tshangalele. Swali hili ni la zamani sana. Hata Ulaya wakulima wengi hawakujua kusoma, na Zaburi 150 hawakuweza kuzishika kichwani. Wakasali Salamu Maria 150 badala yake, wakizihesabu kwa shanga au kwa kamba yenye mafundo. Ndiyo asili ya rozari yenye makumi 15. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga, na makumi yakawa 20. Lakini wengi husali matano kwa siku, nayo yatosha.

Wako watu wanaodharau rozari, wakisema ni sala ya vikongwe. Hao hawajasikia habari za Bakanja Isidori.

Isidori alikuwa kijana mfanyakazi upande wa Equateur, mbali kaskazini. Alibatizwa mwaka 1906. Hakuwa padri, lakini aliwafundisha wenzake sala, na shingoni alivaa skapulari, kile kitambaa kidogo cha Bikira Maria. Msimamizi wake, Mzungu wa kampuni ya mpira, alichukia mambo hayo. Akamwamuru aivue. Isidori alikataa. Mwaka 1909 akapigwa kwa mjeledi wenye misumari hata mgongo wote ukawa kidonda. Vidonda vikaoza, miezi ikapita.

Mapadri walipomjia wakamwomba amsamehe yule msimamizi. Akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na akifika mbinguni atamwombea sana.

Siku moja ya Agosti Wakristo walikuwa wakisali pamoja karibu naye. Isidori akainuka, akaenda polepole kwenye migomba, rozari mkononi, bila kusema neno. Watu wakamtazama kwa mshangao. Kisha akarudi, akalala, na siku hiyohiyo akafa. Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kule migombani alimwambia Mungu nini? Hakuna mtu aliyesikia. Hiyo huitwa sala ya moyo.

Maulizo. Kwa nini rozari ya zamani ilikuwa na Salamu Maria 150? Mtawa akiimba Zaburi, awaombea nani? Isidori aliahidi kumwombea nani, na kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu?