Kona Isiyofagiliwa

Kwetu Pwani, uwanja msafi ni mchanga mtupu wenye mistari ya ufagio. Nililelewa hivyo, na mpaka leo mbele ya nyumba nafagia kila asubuhi. Ila nyuma, penye uzio, nimeacha kona ya hatua sita kwa nne ambayo ufagio haufiki. Ukitaka ndege, nyuki na vyura warudi kwako, anzia hapo, kabla hujanunua mche wowote.

Majani makavu usiyachome, yaache yaoze. Humo hukaa minyoo, jongoo na wadudu ambao ndio riziki ya vyura. Laza na gogo moja kavu la mwembe, wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti wapate pao. Tunawafukuza bure, na pasheni inawategemea wao. Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua lile, mara nyingi hunyonya na kuondoka bila kuchavusha. Pasheni ya njano hufungua maua mchana na huhitaji chavua ya mmea mwingine, kwa hiyo panda zaidi ya mche mmoja, na usipulize dawa saa za maua.

Masika yakianza, panda mkwamba. Wapo wanaouona gugu tu, lakini matunda yake meupe, madogo kama shanga, hugombewa na shore na watoto vilevile. Mkwamba una mmea dume na mmea jike, basi panda mitano au sita ili usikose jike. Pembeni weka shubiri, maua yake marefu ni ya ndege chozi. Mwarobaini wako usiukate, ingawa asili yake ni Bara Hindi. Uongezee tu wenzake wa hapa.

Chozi ndiye aliyenifundisha jambo jingine. Asubuhi moja jike alikuja kwenye pembe ya baraza, akaning'inia, akavuta utando wa buibui kwa mdomo wake uliopinda, akaruka nao umemganda usoni. Akarudi, tena na tena. Ndio kamba anayofungia kiota chake. Tangu hapo utando wa nje siutoi.

Maji yatie kwenye chombo cha udongo kisicho na kina, na jiwe katikati nyuki watue. Yamwage na kuyabadilisha kila baada ya siku mbili, kwani yai la mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi mpaka liwe mbu kamili. Makopo na plastiki visiwepo kabisa. Mabaki ya chakula yafunike, la sivyo utawaita kunguru weusi wa India, nao hula mayai na makinda ya ndege wengine.

Nyoka je? Kona iwe mbali na mlango, nyasi za karibu na nyumba zikatwe fupi, na kuni zisirundikwe ukutani. Usiku tembea na tochi.

Na panya wategee mtego, usiwape sumu. Panya mwenye sumu humuua bundi anayemla, na bundi tumemwonea vya kutosha kwa kumwita mchawi. Chini ya mnazi wetu naokota vidonge vya kijivu anavyovitapika. Kimoja nilikipasua kwa kijiti: manyoya, vijifupa, na fuvu la panya lenye meno yake ya njano.