Mambo Mawili ya Mwalimu: Somo kutoka Bonde la Rufiji



Makala hii inatokana na kosa langu mwenyewe. Juni mwaka jana nilikuwa katika mazoezi ya kichungaji kwenye kigango kimoja wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Nilipewa darasa la Kipaimara. Jumamosi ya kwanza nilimwita binti mmoja, mwanafunzi wa darasa la sita, asome mistari michache ya Matendo ya Mitume. Alisimama, akakishika kitabu, akanyamaza. Wenzake wakaanza kucheka. Nikamwambia mbele ya wote, "Keti. Mtu huja darasani akiwa amejiandaa." Jumamosi iliyofuata hakuja.

Katekista aliniambia kwa upole, kama mzee anavyomwambia kijana, "Frateri, yule hakukosa kujiandaa. Yule hajui kusoma. Na msimu huu wote yuko dunguni."

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mwaka wa pili wa falsafa. Nilikuwa nimefanya mtihani juu ya Mtakatifu Thomas wa Akwino na kupata alama nzuri. Swali nililojiuliza usiku ule ndilo ninalotaka tujifunze pamoja leo: mwalimu anapaswa kujua nini ili aitwe mwalimu?

1. Mahali penyewe

Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi ilipogawanywa katikati ya miaka ya 2010. Anayepita kwa basi kwenda Lindi na Mtwara huiona kama mji wa barabarani tu: stendi, wauza korosho, vituo vya bodaboda. Lakini ukiiacha lami na kuelekea mashariki unaingia katika nchi nyingine. Mto Rufiji unagawanyika kuwa mikono mingi kabla ya kufika Bahari ya Hindi, na hapo pana msitu mkubwa wa mikoko, mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Vijiji vingine viko visiwani. Mwalimu, mgonjwa na gunia la unga husafiri kwa mtumbwi au boti, na hungoja maji yajae.

Watu wa bonde na delta wana makazi ya namna mbili. Nyumba ya kijijini iko mahali pa juu. Shamba la mpunga liko chini, kwenye udongo unaorutubishwa na mafuriko ya mto. Mpunga ukikua lazima ulindwe: ndege huja mchana, nyani nao, na nguruwe pori huja usiku. Kwa hiyo familia hujenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, na huhamia huko kwa wiki nyingi kuamia shamba. Mtoto mwenye mikono ya kurusha kombeo ni msaada mkubwa. Wakati huo jina lake linaitwa shuleni, na mwalimu anaandika "hayupo".

Serikali iliwahi kujaribu kuwatoa watu katika maisha haya. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ilifanyika Operesheni Rufiji, na familia nyingi zikahamishiwa vijiji vya juu, karibu na shule na zahanati. Shule zilipatikana, lakini mpunga ulibaki bondeni, na watu wakaendelea kuufuata. Maji nayo hayajaacha kuja: Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti.

2. Mtakatifu Thomas anasemaje?

Kati ya mwaka 1256 na 1259, akiwa mwalimu mjini Paris, Mtakatifu Thomas aliandika Maswali yake juu ya Ukweli. Swali la 11 linahusu mwalimu. Kabla yake Mtakatifu Augustino, katika mazungumzo na mwanawe Adeodato, alikuwa amefundisha kwamba Mwalimu wa ndani ni Kristo, na kwamba maneno ya mwanadamu peke yake hayaingizi ukweli moyoni. Thomas anakubali kwamba Mungu ndiye anayetoa mwanga wa akili. Hata hivyo anauliza: je, mwanadamu naye aweza kuitwa mwalimu kweli?

Anajibu kwa mfano wa tabibu. Tabibu haingizi afya mwilini kama anayemimina maji mtungini. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona. Tabibu huusaidia na kuuondolea vizuizi. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ina mwanga wake na misingi yake ya kwanza. Mwalimu humsaidia mwanafunzi atoke katika anachokijua tayari afike katika asichokijua bado.

Katika kipengele cha nne cha swali hilo Thomas anasema jambo ambalo mimi nililisoma kwa ajili ya mtihani nikalipita. Anasema tendo la kufundisha linaelekea mambo mawili. La kwanza ni jambo lenyewe linalofundishwa. La pili ni mtu anayefundishwa. Kwa upande wa lile la kwanza, kufundisha kunatokana na maisha ya tafakari. Kwa upande wa lile la pili, ni sehemu ya maisha ya utendaji, kama yalivyo matendo ya huruma.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa nimeliandaa jambo. Mtu sikumwandaa wala kumjua. Tabibu anayeijua dawa bila kumtazama mgonjwa ni hatari, hata kama dawa yake ni nzuri.

3. Mwanafunzi si mtungi mtupu

Nchi yetu ina historia inayothibitisha fundisho hili. Baada ya uhuru takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha wilaya sita zilichaguliwa ili ujinga wa kusoma ufutwe humo kwanza, na mbili kati yake, Mafia na Kisarawe, ni majirani wa Rufiji. Vitabu vya kujifunzia, hasa vile vilivyoanza kujaribiwa kanda ya Ziwa, havikuanza na hadithi za mbali. Viliandikwa kuhusu pamba, migomba, uvuvi na mifugo. Mkulima alijifunza silabi ndani ya maneno aliyokuwa akiyatumia kila siku. Katika mtihani wa taifa wa Agosti 1975 wasiojua kusoma walionekana kuwa wameshuka hadi asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 walikuwa karibu asilimia 10.

Mafanikio hayo hayakudumu yote. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya watano hakujua kusoma. Kusoma hakurithiwi, kila kizazi huanza upya, na kizazi kikiachwa, hasara huonekana baada ya miaka kumi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Wakristo tunaoishi pwani tunapaswa kuliheshimu. Watu wengi wa Kibiti ni Waislamu, na watoto wao husoma madrasa. Mzee anayehesabiwa kuwa hajui kusoma kwa sababu hajui A, B, C huenda anazisoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi. Mtu huyo tayari anajua kwamba alama huwakilisha sauti. Hiyo ni hatua ya msingi katika kujifunza kusoma, naye ameshaimaliza. Mwalimu anayemwona kuwa mtupu anabomoa nyumba ili ajenge kibanda.

4. Masomo ya juu yanatufundisha nini?

Baadhi ya ndugu zangu huuliza kwa nini Kanisa lipeleke mapadre, watawa na walei kusomea shahada ya uzamili katika elimu, wakati parokia zina uhaba wa watenda kazi. Tuchukue matawi matatu ya masomo hayo na kuyapima kwa habari ya binti yule.

La kwanza ni ufundishaji wa kusoma. Kiswahili kina irabu tano, na maandishi yake hufuata matamshi. Mtoto akizishika silabi anaweza kulitamka neno lolote. Ndiyo maana mtaala ulioanza mwaka 2015 uliweka nguvu ya darasa la kwanza na la pili katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini tazama kinachomtokea mtoto wa dunguni. Akikosa miezi ya masika katika darasa la kwanza, anakosa silabi zenyewe. Kuanzia darasa la tatu vitabu huchukulia kwamba anajua kusoma, na hakuna kipindi cha kumrudisha nyuma. Anajifunza kunakili ubao bila kuusoma, na anapanda darasa mwaka hadi mwaka. Aliyesomea fani hii anajua kumpima mtoto kwa dakika chache na kugundua amekwama wapi. Mimi nilidhani nimeona uvivu.

La pili ni uongozi wa shule. Daftari la mahudhurio laweza kusomwa kwa namna mbili. Mmoja ataona utoro na kutafuta adhabu. Mwingine ataona kwamba majina yale yale hupotea miezi ile ile kila mwaka, na atajua kwamba mbele yake pana kalenda ya mpunga. Huyo ataita kikao cha wazazi kabla ya msimu, atatafuta kaya zinazoweza kuwapokea watoto kijijini, ataomba chakula cha mchana shuleni, na atapanga masomo ya kufidia mavuno yakiisha. Hayo hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji jicho. Mkoa wetu wa Pwani una chuo cha kazi hiyo, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, pale Bagamoyo. Na mwalimu asiyeweza kuacha kituo chake anaweza kusoma kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

La tatu ni unasihi. Kati ya mwaka 2016 na 2017 Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilipita katika kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Watoto walioyasikia hayo wakiwa wadogo ndio vijana wa leo. Baadaye yakaja mafuriko. Mtoto akinyamaza darasani, ukimya wake waweza kuwa na sababu tano, na silabi ni moja tu kati ya hizo. Mnasihi hujifunza kungoja, kuuliza faraghani na kutunza siri. Sisi tunaojiandaa kuketi katika kiti cha kitubio tunayahitaji hayo kuliko wengine.

Je, mtu asiye na shahada hawezi kuyajua hayo? Anaweza. Katekista wetu hakuwahi kusoma uzamili, na alimjua binti yule kuliko mimi. Shahada isiyomfikisha mtu dunguni ni karatasi tu. Lakini katekista yule naye aliniambia, "Nilijua shida yake, sikujua dawa yake." Huo ndio upungufu ambao masomo yanapaswa kuuziba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwakumbusha wazazi kuwa wao ni walezi wa kwanza, na ukataka walimu waandaliwe vema. Yote mawili yanahitajika.

5. Kurudi kwa binti yule

Wiki ya tatu nilimwomba katekista anipeleke. Tulipanda bodaboda, kisha tukatembea kwenye tope, kisha mtumbwi. Bibi yake alitupokea chini ya dungu. Nikamwamkia, nikamweleza nililofanya, nikaomba radhi kwake na kwa mjukuu wake. Bibi alisema, "Baba, sisi tulidhani umemfukuza."

Nilirudi siku sita. Sikubeba kitabu. Nilimwomba aniambie jambo moja lililotokea usiku, nami nikaliandika kama alivyolisema: "Nguruwe wamekula mpunga wetu." Tukaligawa katika silabi, tukaunda maneno mengine kutoka humo. Siku ya sita alikisoma chote peke yake, kidole kikifuata herufi, na bibi akacheka kwa sauti. Matendo ya Mitume alikuwa bado hawezi kuyasoma. Likizo yangu ikaisha, na katekista akaendelea na zile silabi.

Sijui kama nitatumwa kusomea elimu. Hilo ni la walezi wangu na la askofu. Ninachojua ni kwamba niliporudi seminarini nililifungua tena lile swali la 11, na safari hii sikulipita.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Katika darasa la katekesi la kigango chetu, nani ananyamaza kila anapoombwa kusoma? Kuna aliyemuuliza faraghani?
2. Ratiba ya mafundisho yetu inafuata kalenda ya nani: ya parokia, au ya watu wanaofundishwa?
3. Ni jambo gani ambalo mwanafunzi wangu analijua tayari, nami sijawahi kuanzia hapo?